Saa za Profesa Gerson

Profesa Gerson alifundisha fizikia Dar es Salaam mpaka nywele zikamwisha, na muda wote huo hakuwahi kusema hadharani kwamba Mungu hayupo. Aliona ni kukosa adabu. Akiulizwa, alijibu kwamba yeye anashughulika na mwanga, na mwanga unamtosha.

Kisha mkewe, Beatrice, akafariki. Walimzika kihambani kwao Machame, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba aliyokuwa akiipalilia mwenyewe kila likizo. Gerson alisimama kando ya kaburi, macho makavu. Lakini kwaya ilipoanza kuimba jeneza likishuka, kifua kilimlegea, pumzi ikatulia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze akahisi njaa. Jambo hilo halikumtoka kichwani. Hakuamini hata neno moja la wimbo ule. Sasa ulimtuliza kwa njia gani?

Mtu mwingine angeshukuru, akaendelea na maisha. Gerson alistaafu fizikia, akaenda kukaa darasani na vijana wa umri wa wanawe kusoma saikolojia ya dini. Wenzake wa zamani walisema uzee una mambo. Alipomaliza alirudi Machame kufanya utafiti: kwa nini watu wanaosali pamoja hupata nafuu, wawe wanaamini au hawaamini.

Dada yake mkubwa, Elisifa, aliongoza kikundi cha maombi cha akina mama kilichokutana kila Alhamisi. Alikuwa amemwombea mdogo wake arudi kanisani tangu ujana wake, kwa hiyo aliposikia kwamba anataka kuhudhuria maombi kila wiki, hakuuliza sababu. Gerson alimweleza hata hivyo. Alisema huu ni utafiti tu, kwamba atawavalisha akina mama saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo, na kwamba asiyetaka asilazimishwe. Elisifa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Bwana ana njia nyingi.

Ili apate kulinganisha, Gerson aliwavalisha saa nusu ya akina mama na kuwaacha wengine bila. Tatizo lilianzia hapo. Wasiovaa walianza kulalamika kwamba maombi yao yamekuwa mazito, hayapandi. Mmoja wa waliovaa akapata habari kwamba binti yake aliyeolewa Bomang'ombe, aliyekaa muda mrefu bila mtoto, sasa ni mjamzito. Gerson aliwakumbusha kwamba mimba hiyo ilitangulia saa kufika kijijini. Walimtazama kwa huruma.

Haikuchukua muda, wageni wakaanza kupanda kutoka Bomang'ombe kwa bodaboda, wakiulizia nyumba ya profesa mwenye saa za maombi. Mchungaji Hosea, kijana aliyekuwa mgeni katika usharika ule, alikuja kumwona akiwa na wasiwasi. Watu wanapita kanisani bila kugeuza shingo, alisema, wanakimbilia saa. Alimwomba Profesa, kama mwanasayansi, amsaidie kupiga vita ushirikina. Gerson akakiri kwamba na yeye alikuwa anajiandaa kwenda kwa mchungaji na ombi hilohilo.

Wakakubaliana azungumze kanisani Jumapili. Gerson alisimama mbele ya waumini akaeleza kwa lugha nyepesi kwamba saa haina nguvu yoyote. Ndani yake, alisema, mna taa ndogo ya kijani. Mwanga wake unapenya ngozi, unaifikia damu, na damu inaurudisha. Kila aliposema mwanga, waliitikia amina. Aliposema damu, waliitikia kwa nguvu zaidi. Alimalizia kwa kusema kwamba yeye pia hana uwezo wowote, na kwamba, kwa kweli, si muumini. Elisifa akasimama kufunga kwa sala. Alimshukuru Mungu kwa kuwapa mtu msomi asiyejikweza.

Gerson alikusanya saa zake zote akazifungia kabatini. Utafiti ulikuwa umeharibika. Alikuja kuchunguza imani, badala yake amezaa nyingine.

Ndipo akaja jirani yake Doris, mjane mkimya ambaye kwenye maombi alizoea kukaa karibu na mlango. Alikuwa anakwenda Moshi kufanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, na alitaka aazimwe mojawapo ya saa zile.

"Nilikuelewa kanisani, Profesa," alisema. "Najua haifanyi kitu."

"Sasa unaitakia nini?"

"Naogopa."

Gerson alichukua ufunguo. Akaenda kabatini.

Siku ya upasuaji, yeye na Elisifa walimsindikiza. Kabla ya kumwingiza, muuguzi alimwambia Doris avue vitu vyote vya mwilini. Doris akavua saa, akaishika kidogo, kisha akamvisha Gerson mkononi, akasukumwa ndani.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Gerson aliitazama saa, akaona moyo wake unakwenda mbio kama wa mtu anayepanda mlima. Elisifa akamshika mkono, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo ambao kila mtu wa Machame huujua kabla hajajua kusoma. Gerson hakuimba. Aliangalia tarakimu zikishuka, polepole, moja baada ya nyingine. Miaka yote hii alikuwa anakitafuta kipimo hicho, na sasa kilikuwa chake mwenyewe. Hakuwa na mtu wa kujilinganisha naye.

"Inasemaje?" Elisifa aliuliza.

"Inasema nimetulia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema inapima vizuri."

Doris alitoka salama. Kijijini walisema ni ile saa. Yeye aliwaambia kwamba aliingia bila saa na kwamba aliyemponya ni daktari, lakini wakaona huo ni unyenyekevu tu, ameuiga kwa Profesa. Gerson aliandika makala yake kwa ukweli wote, pamoja na habari ya benchi. Wahariri wa jarida wakaikataa, wakisema mtafiti amejiingiza mno katika mambo anayoyachunguza. Alikubaliana nao, hakuipeleka kwingine.

Alhamisi aliendelea kwenda, mikono mitupu. Elisifa aliposafiri kwenda kuwaona wajukuu, akina mama walimwomba Gerson aongoze. Akawakumbusha kwamba yeye haamini. Walimjibu kwamba wanalijua hilo, asome zaburi tu, ana sauti nzuri. Akasoma waliyompa. Wiki iliyofuata walimwambia achague mwenyewe, akachagua ndefu.