Dole la Mjane

Mtafuta cha uvunguni sharti ainame, na fundi cherehani huyu alikuwa ameinama wiki ya tatu sasa katika masjala ya mahakama, akipiga chafya kwa vumbi la majalada ya mirathi. Alitafuta jalada la baba yake, aliyefariki yeye akiwa na miezi minne. Hakutaka shamba wala nyumba. Alikuwa akiandika ukoo wake kwenye daftari, na alipowaomba watu wa upande wa baba majina ya mababu, walimjibu kavu kwamba ndugu yao hakuacha mtoto.

"Jina lako lipo mahakamani," mama yake alikuwa akimwambia tangu utotoni. "Niliweka dole mwenyewe, shemeji yangu akinishikia karatasi."

Leo mama alikuwa nje kwenye benchi, kavaa viatu vyake vya sherehe.

Karani wa masjala, mzee mpenda utani, akachomoza kati ya rafu. "Haya binti, marehemu wako kachoka kujificha. Kumbe alikuwa kwenye boksi la kesi za wizi wa ng'ombe!"

"Asante sana, baba."

Akafungua. Mrithi: kaka wa marehemu, peke yake. Akapindua karatasi. *Mimi, mjane wa marehemu, naapa kuwa sikuzaa naye mtoto yeyote, wala sidai chochote.* Chini yake palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau, kovu la mundu likilikata katikati. Kovu hilo alilijua vizuri kuliko sura yake mwenyewe.

Alisoma mara tatu. Mama hajui hata herufi a, na aliyejua kusoma alimsomea alichotaka yeye. Mshenzi mkubwa! Hasira ikampanda ikakosa pa kwenda, maana baba mkubwa naye alishazikwa zamani, tena kwa heshima zote.

Alitoka akijikokota. Mama akasimama upesi.

"Umeliona?"

"Nimeliona dole lako, mama."

"Si nilikwambia!" Mama akacheka. "Siku ile walinipa kitambaa nifute wino, nikakataa katakata. Nilitembea nao hadi nyumbani nikakuonyesha: tazama, mwanangu, nimeshakuandikisha."

Akamnyooshea dole lile lile. Binti akalishika kwa mikono miwili, akaangua kilio. Mama akawa anampigapiga mgongoni, akidhani ni furaha.