Jalada la Mwisho la Masjala

Miaka thelathini na moja ofisini, Mama Masjala hakuwahi kula chakula cha mchana peke yake. Enzi hizo faili lilikuwa jalada la kahawia lenye kamba, tena lilikuwa na miguu: miguu yake yeye. Alilibeba kwapani chumba hadi chumba, na kila mlango ulimpa neno: nani kaposwa, nani kanuna, mkuu kaamka vipi. Aliyelipokea alitia sahihi na saa kwenye karatasi ya ndani, kisha akaongeza umbea wake.

Kompyuta zikaja. Siku hizi faili ni kitu kisicho na uzito. Mtu anabonyeza, nalo limefika kabla hajamaliza kupiga chafya. Masjala ikahamishiwa chumba cha chini, karibu na pampu ya maji, na watu wakasahau hata ngazi za kwenda huko.

Siku ya kustaafu kwake lilibaki jalada moja tu la kubebwa: lake mwenyewe. Akajipaka mafuta, akalitia kwapani, akapanda. Alitaka jambo moja, watu walishike, waandike saa, wamuage.

Utumishi walimweleza kwa upole kwamba faili lake walishalifunga juzi, kwenye mashine, asijisumbue. Chumba cha pili hawakuvua vile vidude vya masikioni. Cha tatu walidhani kapotea njia. Mkuu alimwinulia kidole gumba nyuma ya kioo, akarudi kwenye simu yake.

Akashuka mapokezi. Dada wa pale, mgeni wa wiki mbili, alilipokea kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto wa watu.

"Shikamoo mama. Hili nimpelekee nani?"

"Marahaba. Haliendi popote, mwanangu. Weka sahihi tu, na saa."

"Niandike nimepokea nini?"

Mama Masjala akautazama mlango wa kutokea. "Andika umeniona."

Dada akaandika taratibu, kwa mwandiko wa shule: *Nimemwona mama, saa tisa na robo.* Simu ya mezani ikalia, akaipokea.

Mama alisubiri mazungumzo yaishe. Hayakuisha. Akafunga kamba, mafundo mawili kama alivyofundishwa, akalirudisha jalada kwapani, upande uleule wa siku zote, akatoka nalo.