Mteja wa Kila Asubuhi

Limi aliachana na Jilala kihalali. Baraza la mtemi lilikaa, ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwa mwanamume, wazee wakasema yamekwisha. Limi akafunga nguo zake akahamia Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko akawa anawauzia wachimbaji uji na viazi vitamu, kibanda chake kikipakana na cha Mwamvua, mama wa Kimanyema aliyekaanga maandazi.

Mavuno hayajaisha, Jilala akatokea. Hakuja na fimbo. Alikuja na kaptula iliyonyooshwa pasi, akaamkia kila mtu, akaagiza uji, akausifu mkono wa mpishi. Kesho yake akaja tena. Ikawa ndiyo desturi.

"Kaachwa, bado anakuja kula kwa mkewe!" wachimbaji walicheka.

"Mimi si mkewe," Limi alijibu, akichota uji.

Wateja wakiondoka ndipo Jilala aliposema yake, polepole, kama mtu anayeomba chumvi. "Leo ulichelewa kuamka." Au, "Yule uliyecheka naye jana ni wa wapi?" Limi akaacha kucheka na wateja. Akabadili njia ya kisimani. Akamkuta huko huko, amekaa juu ya jiwe, anachonga kijiti.

Akamweleza Mwamvua.

"Mdogo wangu, anayekufuata hivi anakupenda," Mwamvua alisema, akigeuza maandazi. "Wangu hakunifuata hata hadi mlangoni."

Limi akarudi kwenye chungu chake. Angemshitaki kwa lipi? Kwa kunywa uji?

Siku ya gulio kibanda kilijaa. Jilala alinyoosha bakuli aongezewe. Limi alipolipokea, Jilala akamdaka kidole chini ya bakuli, akakipinda nyuma taratibu, huku akimsimulia mteja aliyekaa kando yake habari za mvua. Alikuwa akitabasamu. Limi hakupiga kelele; ndoa ilimfundisha kwamba kelele huongeza mateso.

Mwamvua alikuwa anaingia na koleo kuomba kaa la moto. Akaona.

"Jamani! Anamvunja mwenzenu huku mnakula!" Koleo ikatua kwenye kifundo cha mkono wa Jilala.

"Ni mke wangu!" Jilala alifoka, na watu wakaisikia kwa mara ya kwanza sauti ambayo Limi aliijua miaka yote.

"Ng'ombe si ulishachukua?" mchimbaji mzee, Nkwabi, alimuuliza.

Wakampeleka kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, naye akamwamuru asionekane tena machimboni. Jilala akiondoka alipita kibandani, akamtazama Limi, akasema kwa upole mbele ya wote, "Kwaheri ya kuonana."

Mwamvua alikuwa akimfunga Limi kidole kilichovimba. "Nisamehe, mdogo wangu. Leo unahamia kwangu."

Limi alihamia. Lakini asubuhi, kivuli cha mteja kilipoangukia mlangoni, upawa ulisimama hewani mpaka auone uso wa aliyeingia.