Mdundo Ulioruka Mshono

Wapenzi wa muziki wa chini kwa chini, ule usiopigwa redioni, wananiita Kiwembe kwa sababu ya maoni ninayoandika kuhusu albamu. Jina lenyewe nililipenda kupita kiasi. Nikiisifu albamu, inatafutwa; nikiiponda, mwenyewe hujuta kuzaliwa.

Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Panzi, dijei wa jungle. Kwa asiyeijua, jungle ni ngoma zinazokimbia kama zimefukuzwa, huku besi ikitembea polepole chini yake. Ilikuwa albamu yake ya kwanza, na kwenye simu alishaniambia, "Kaka, hii ikikataliwa, mashine nauza. Basi tena."

Nami nilikuwa nimeandika: Panzi hajui kuhesabu. Wimbo wa nne ulinikera mno. Mdundo unakimbia, unakwama, unashtuka, unakimbia tena. Ilibaki kubonyeza tu maoni yaende.

Spika zangu zilikuwa zimeungua, kwa hiyo nilikwenda kuisikiliza mara ya mwisho kwenye karakana ya dada yangu, fundi wa vyerehani. Dada ana spika nzuri, na muziki wangu anauita sufuria zinazoanguka.

"Haya, ziangushe," alisema, bisibisi mdomoni.

Wimbo wa nne ulipofika, aliitoa bisibisi.

"Cherehani hicho."

"Dada, hizo ni ngoma."

"Nakwambia ni cherehani cha kukanyaga, na mkanda umelegea. Sikiliza. Anakanyaga, mkanda unateleza, kinaruka mshono… hapo! Kasukuma gurudumu kwa mkono. Huyo mama kakizoea, wala hakasiriki."

"Umejuaje ni mama?"

"Anaimba kwa pua, chini kabisa. We Kiwembe gani, butu hivyo?"

Nilirudisha nyuma. Alikuwepo kweli, amefichwa chini ya besi. Miaka kumi na mbili nawafundisha watu kusikiliza! Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nilimpigia Panzi palepale, sauti nimeifungulia dada naye asikie. "Mama yako alikuwa anashona?"

"Nani kakwambia? Sijamwambia mtu. Nilimrekodi mwaka aliotutoka."

"Dada yangu ni fundi. Anasema mkanda umelegea."

Panzi alicheka. "Na yeye alikuwa anasema hivyohivyo kila siku. 'Mkanda umelegea, mwanangu, nitaukaza kesho.'"

Nilifuta maoni yote. Nikaandika upya nikiwa nimekaa juu ya kasha la vipuri, na sentensi ya kwanza ilisema kwamba nilikuwa nimekosea, na aliyenizibua masikio ni dada yangu. Namshukuru mpaka leo. Bila yeye ningemzika mama wa mtu mara ya pili, tena kwa majigambo.

Wiki iliyofuata Panzi alikuja karakanani amekibeba cherehani chenyewe, chuma kimekwama kwa kutu. Mashine zake za muziki hakuuza.

Sasa, dada yangu hajawahi kuachia kazi nusu. Mteja akimwambia "acha tu, kinatosha," humfukuza. Alikisugua, akakitia mafuta, akabadilisha sindano, akakanyaga. Mkanda ukateleza. Akasukuma gurudumu kwa mkono, kikaendelea.

Aliuangalia ule mkanda kwa muda. Kisha akamgeukia Panzi.

"Huu tutaukaza kesho," alisema, akafunga kisanduku cha bisibisi.