Kijiko cha Bwana Afya

Mwenye duka la mtaani kwetu aliniambia wazi: bila kibali cha afya, hata chupa moja ya jamu yangu haipandi kwenye rafu yake. Jina la biashara nilishasajili, leseni nilishapata. Ilibaki sahihi ya mkaguzi tu, yule ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Afya, kwa sababu akishakukagua, hiyo afya huna tena.

Mara ya kwanza alinifelisha kwa kidole cha mama mkwe. Mama huyu ndiye aliyenifundisha kupika jamu ya nanasi, na maisha yake yote hajaamini kipimo kingine. Anachovya, analamba, anawaza, anachovya tena. Alifanya hivyo mbele ya mkaguzi bila wasiwasi wowote, halafu akamwuliza kama na yeye anataka kuonja.

"Mate," alisema Bwana Afya, kama mtu aliyekuta maiti jikoni. "Mate kwenye chakula cha kuuza. Mwageni yote."

Tukamwaga. Kisha akatuhutubia. Kilichogusa mdomo hakirudi kwenye sufuria, uwe mdomo wa mtoto, uwe wa mfalme. Mume wangu, ambaye tangu nisajili biashara anajiita Mkurugenzi na hajaosha hata kifuniko, alikuwa anaitikia kwa kichwa kana kwamba mwenye kidole si mama yake mzazi.

Basi nikajipanga upya. Nikaweka wavu dirishani, nikanunua kofia za nywele, vyombo vya nyumbani nikavitenga na vya kazi. Mama mkwe nikamtoa jikoni.

"Umenifukuza kwa ajili ya mwanamume mwenye kalamu," alisema.

"Sijakufukuza, mama. Nimekuhamishia mlangoni."

Akachukua kigoda chake, akakaa kizingitini, akakunja mikono na kukificha kile kidole kwapani.

Bwana Afya aliporudi, sufuria ilikuwa jikoni inatokota, mzigo wa kwanza wa dukani. Akapangusa rafu kwa kidole. Akafungua bomba. Akainama kunusa karo. Hakukuta kitu, na ilimuuma. Halafu pua yake ikageukia sufuria.

"Lazima nihakikishe na ladha," akasema, kana kwamba utamu ni ugonjwa.

Akachukua kijiko, akachota, akapuliza, akala. Akafumba macho. Akachota tena kwa kijiko kilekile.

"Baba," mama mkwe akaita kutoka mlangoni, taratibu, "hicho kijiko kimetoka wapi?"

Bwana Afya akakitazama kama kitu alichobambikiwa.

Mkurugenzi akawahi. "Mama, huyu ni mtaalamu. Mate yake si kama ya kwetu."

"Yamechemshwa?"

Mimi nilikuwa naitazama ile jamu. Nimemenya mananasi tangu alfajiri, na mwenye duka alikuwa anaisubiri jioni. Ningenyamaza, angesaini, kalamu alishaitoa mfukoni. Lakini ningenyamaza leo, angerudi na mdomo wake kila ukaguzi, na watu wangepaka mkate mate yake chini ya jina langu. Nikaishika sufuria kwa vitambaa, nikatoka nayo nje, nikaimwaga shimoni mbele ya macho yake.

"Dada, hukuwa na haja ya kufika huko," akasema, sauti imeshuka. "Sasa nitakagua nini?"

"Umeshakagua. Andika ulichokuta. Ukiandika mate, andika na ya nani."

Akasimama pale akiibofyabofya ile kalamu. Akamtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akatazama mawingu. Mwishowe akaandika kwamba jiko ni safi, akasaini, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake nikapika upya, nikapeleka mzigo dukani, kibali juu ya boksi. Siku hizi kimetundikwa ukutani, na Mkurugenzi anapiga picha nacho akiwa amevaa kofia ya nywele. Mama mkwe naye ana kisosi chake. Namwekea jamu humo, anachovya mpaka aridhike, na cha kisosini hakirudi kwenye sufuria.

Juzi Bwana Afya alipita na mfuko mtupu. Alisema anahitaji sampuli.

Mama mkwe hakuinuka kwenye kigoda.

"Ziko dukani, baba. Nenda na kijiko chako."