Keki za Wifi

Asubuhi ya Jumamosi ya maonyesho na mashindano ya mapishi ya bonde lao, Winifred Garside aliipua keki zake za mwamba, akazipanga dirishani zipoe, akazionya zisitoke hapo mpaka amalize kuosha vyombo. Zilikuwa keki ndogo za zabibu kavu, zenye mgongo wa kuparuza kama jabali, na ndiyo asili ya jina hilo. Asiyejua kuzipika alizipa na ugumu wa jabali. Winifred alijua: siagi aliifikicha katika unga kwa ncha za vidole tu, na maziwa aliyatia kwa uchoyo.

Keki hizo zilikuwa na tabia moja. Zikimwona, humfuata. Marehemu mama yake alisema ni kwa sababu anazisemesha zingali unga, na kinachozoeshwa maneno mapema hakipendi kuachwa peke yake. Winifred alizizoea, akawa anafagia sukari sakafuni na kuendelea na kazi.

Cynthia, mke wa kaka yake, alikuja kupitia mlango wa nyuma kama kila mwaka, kuchukua tano.

"Wifi yangu, mikono yako ina baraka," alisema, akifunika mkebe aliozitia. "Sasa wewe pumzika hapa nyumbani, miguu isije ikakuvimba. Mimi nitahangaika huko."

Kuhangaika kwenyewe kulikuwa kuziweka keki juu ya sahani yenye jina la Cynthia na kurudi na kombe la fedha. Kombe lilikuwa limechorwa jina lake pande zote, nafasi imebaki kidogo karibu na kitako. Jina la Winifred halikuwa limeandikwa popote bondeni, ila kwenye kadi ya maktaba. Vilemba vya ukoka alikuwa amevikwa vya kutosha. Mwaka huu alijiandikisha kimyakimya, kwa sababu alilitaka jina lake katika ile nafasi iliyobaki, mara moja tu kabla hajafa. Cynthia alipoondoka, alichukua tano zilizobaki, akavaa kofia, akaenda.

Katika hema la maonyesho, baada ya vitunguu na kabla ya jemu, palikuwa na sahani tatu za keki za mwamba: ya Cynthia, ya Winifred, na ya kasisi, ambaye za kwake zilikuwa zimeungua kwa imani. Mwamuzi, Bwana Ormerod, aliletwa kutoka bonde la pili ili asimjue mtu, ingawa kila Pasaka alikunywa chai kwa Cynthia.

Mara Winifred alipoingia, keki za Cynthia zilimwona. Zilishuka kwenye sahani, zikateremka kwa kitambaa cha meza, zikaja zikimfuata. Mama mmoja aliyekanyagwa na mojawapo aliiomba radhi, kama ilivyo desturi ya kule. Winifred alipofika kwenye sahani yake, zikapanda, zikajipanga pamoja na zile nyingine.

Bwana Ormerod alihesabu, akafungua kanuni.

"Bi Garside, hapa imeandikwa keki zisizidi tano. Zako ni kumi."

"Hizo nyingine zimetoka sahani ya wifi."

"Zimetokaje?"

"Zimekuja zenyewe."

Alitikisa kichwa kukubali. "Kutembea hakukukatazwa. Kuzidi ndiko kulikokatazwa."

"Basi niziondoe."

"Nimeshaanza kuamua, mama. Mkono haugusi sahani."

Cynthia alirekebisha kofia. "Zinamjua kwa sababu wifi huja kwangu mara kwa mara," alisema kwa upole. "Nimezifunza adabu, zinaamkia wageni."

Hapo Winifred alihisi hasira ikimpanda, hasira ya miaka mingi, na aliona heri aseme.

"Nimezipika mimi. Hizi na hizo, na za miaka yote."

Bwana Ormerod alionekana kuumia, kama mtu aliyesimuliwa habari za kuhara mezani. Watu waligeukia vitunguu. Mmoja akasema huenda mvua ikanyesha, na wote wakashukuru, wakaizungumza mvua hiyo kwa bidii.

Winifred akapewa kadi ya kuvunja kanuni. Kasisi akapata nafasi ya pili. Sahani ya Cynthia ilikuwa tupu, lakini sifuri haizidi tano, tena mwamuzi aliigeuza mkononi akasema haikuwa na hata chembe iliyoungua. Akapewa ya kwanza. Watu wakapiga makofi, na Winifred naye akapiga, maana mikono ilikuwa imelelewa hivyo.

Baadaye mawifi hao wawili waliketi nje na chai, kombe katikati yao. Cynthia alinyoosha mkono kwa keki iliyokuwa karibu, nayo ikajificha nyuma ya kiatu cha Winifred. Winifred aliinama, akaiokota, akaituliza kwa neno moja, akampa.

Cynthia alitafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Kweli mwaka huu nimeziweza," alisema.

"Umeziweza, wifi," alijibu Winifred, akammiminia chai.