Mwanahawa wa Maswali Arobaini

Jumanne ile Uwimana alifika mazoezini akiwa na udongo wa shamba visiginoni na daftari jipya kwapani. Kikundi kilikutana kwenye ghala tupu la kahawa nyuma ya soko la Kasulu, watu kumi na mmoja juu ya magunia. Kazi yao ilikuwa igizo dhima. Siku za soko walikwenda Makere, Kitanga, hata Manyovu, wakajivika ugomvi wa watu wengine, wa mipaka, wa mahari, wa mirathi, na waliotazama wakajifunza namna ya kuumaliza. Mwalimu Venanti, mstaafu kutoka Kibondo, alikuwa na sheria moja tu: hakuna kupanda jukwaani na mtu nusu.

Ubaoni aliandika maswali arobaini. Mhusika wako alizaliwa saa ngapi? Mfukoni ana nini? Nani alimchapa kwa kosa la mwingine? Babu yake amelala wapi? Anaogopa nini, na anadanganya kuhusu nini?

"Na kasoro msisahau," alisema. "Mtu asiye na kasoro ni picha ya kalenda. Vyaelea hivi mnavyoviona, vimeundwa."

Uwimana alikuwa na sababu ya kuyapenda maswali. Mama yake, Ndayikeza, aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni, akakulia Makere, akazaa Makere, akaandikwa raia, akafa, akazikwa pembeni mwa shamba lake la maharage. Siku ya kuandikwa, Uwimana alikuwa Kibondo akimuuguza shangazi yake, na karatasi ya familia ikajazwa bila yeye. Tangu hapo alikuwa amekwenda kwenye dirisha la vitambulisho mara sita. Afisa wa pale, Nurudini, hakuwa mtu mbaya. Kila mara alimwita Uwimana "mama" kwa heshima, akamwambia kilichopungua: leo cheti cha kuzaliwa, siku nyingine shahidi, siku nyingine tarehe. Sasa wapimaji wa ardhi walikuwa wanakaribia Makere, na asiye na kitambulisho haandikiwi shamba. Shamba lisilo na jina angepewa mwingine, na kaburi ndani yake.

Kwa hiyo alimpa mhusika wake kila alichokikosa yeye. Alimwita Mwanahawa binti Twalibu. Alizaliwa Kibondo, Ijumaa tarehe 14 Juni 1991, saa sita kasoro robo, baba yake akiwa msikitini. Bibi yake alikuja kutoka Pangani na cherehani. Mama yake mzima, anapiga simu kila Jumapili. Kidevuni ana kovu la uji wa moto. Alipofika kwenye kasoro, Uwimana alitazama huku na huku kama mtu anayeiba, akaandika ya kwake mwenyewe: hawezi kuona kitu cha mwenzake bila kukitaka. Venanti alisoma kurasa zote, akatia vema kwa wino mwekundu.

Alhamisi alasiri Mwanahawa alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Uwimana, akiwa na begi la kijani na kapu la vitunguu.

"Hodi."

"Karibu."

Uwimana alimtambua kwa kovu. Alimpa kigoda na maji ya kunywa, akamwonyesha pa kuweka begi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, ila hawasemi mwenyeji atapona lini. Kufika Jumamosi Mwanahawa alikuwa analala kitandani na Uwimana mkekani, kwa kuwa kwenye ukurasa wa tisa iliandikwa kwamba mgongo wake haupatani na sakafu.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Fidele, alikuja na daftari la wakazi. Aliuliza, akajibiwa. Hata asiyoyauliza alijibiwa. Alimwandika Mwanahawa chai ikiwa bado inatoa mvuke.

"Kweli ametoka kwenye daftari lako?" alimuuliza Uwimana wakiwa mlangoni.

"Ndiyo, mzee."

"Basi umemlea vizuri. Wewe nakujua toka unatambaa, binti yangu, ila humu ndani huna hata mstari. Ego, ndiyo, ndivyo ilivyo."

Jumatatu waliongozana hadi Kasulu. Nurudini alimuuliza Mwanahawa babu yake kazikwa wapi. Mwanahawa akataja makaburi, akataja mti, akataja upande wa mti. Nurudini aliandika bila kuinua kichwa. Kitambulisho kilitoka baada ya wiki tatu, kovu linaonekana vizuri kabisa.

Uwimana alikipokea, akakigeuza nyuma na mbele, akakirudisha. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka, kumeza shida, kutema shida. Aliionea wivu ile tarehe. Aliyaonea wivu yale makaburi ya Kibondo ambayo aliyachagua mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe, kwa sababu aliwahi kupita hapo akaona yamefagiwa.

Akaamua kumharibu. Alichukua daftari, akaongeza: anakoroma. Asubuhi majirani walicheka wakamletea Mwanahawa ndizi, wakisema kumbe ni mtu wa kawaida, walikuwa wanamwogopa bure. Akaongeza: aliwahi kuiba kuku wa bibi yake akamsingizia kicheche. Mzee Fidele alipopata habari alitikisa kichwa kwa upendo, akasema sasa amemwelewa huyu mwanamke. Akaongeza jino bovu, ugomvi wa maneno na wifi, uoga wa vyura. Kila kasoro ilimnenepesha. Kwaya ya kanisani kwa kina Uwimana ilimwalika aje kusikiliza, Mwislamu na ushungi wake, akawekewa kiti cha mbele.

Wapimaji walipofika, mzee Fidele ndiye aliyetoa wazo.

"Liandikwe kwa jina la huyu, mradi lisipotee. Nyie si mnakaa pamoja?"

Uwimana aliangalia kilima cha udongo alipolala mama yake. Akasema sawa. Mwanahawa alitia sahihi yenye mikia mirefu, sahihi ambayo Uwimana alikuwa ameijaribu daftarini mara saba kabla ya kuipenda. Kisha Mwanahawa akamshukuru Uwimana, akamruhusu aendelee kulima.

Mtu angedhani Mwanahawa ametosheka. Lakini kasoro ile ya kwanza, ya kutaka cha mwenzake, iliandikwa kwa wino. Jioni moja, wakichambua maharage uani, alisema:

"Wewe una kaburi la mama. Mimi umenipa mama mzima, sijawahi kulia hata siku moja. Nakuonea wivu, dada."

"Kaburi si liko shambani kwako?"

"Liko. Ila kilio hukunipa."

Mwalimu Venanti alikuwa anaandaa igizo kubwa la uwanjani Kasulu, kuhusu watu wasioandikwa. Mwanahawa aliomba nafasi ya mwanamke asiye na kitambulisho, akaipata kabla hajamaliza kuomba. Akanunua daftari. Jioni tatu mfululizo alimuuliza Uwimana maswali arobaini, na Uwimana, pamoja na chuki yake yote, alijibu. Alieleza namna mama yake alivyokuwa akiimba kwa Kirundi akipalilia na kunyamaza mtu akipita njiani. Alieleza uzito wa shangazi alipombeba hadi zahanati ya Kibondo. Alieleza anavyozipanga karatasi zake ndani ya bahasha, iliyochakaa zaidi nyuma, ili afisa aanze na nzuri. Dirishani hakuna aliyewahi kumuuliza hayo. Akajikuta analia, na Mwanahawa akamtazama jinsi mdomo unavyokwenda, akaandika.

Siku ya igizo Mwanahawa alipanda jukwaani na kitenge cha Uwimana. Alitembea mwendo wa Uwimana, bega la kushoto likitangulia. Hata udongo wa visiginoni alikuwa nao. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini siku ile alianza Mwanahawa, wakaingia wa mbali, na mfiwa mwenyewe alikuwa mstari wa nne amefumbata bahasha, macho makavu. Machozi yake yalikuwa kule juu yanatumika.

Nurudini alikuwa mgeni rasmi. Alisimama akajifuta kwa leso.

"Ndugu zangu," alisema kwenye kipaza sauti, "mtu kama yule akija dirishani kwangu, siku hiyo hiyo namhudumia. Nawaahidi."

Watu walipiga makofi. Uwimana aliyahesabu maneno yale kuwa yake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa yule.

Jumatatu alikwenda, mara ya saba. Mwanahawa alimsindikiza awe shahidi, kwani sasa alikuwa na kitambulisho cha kushuhudia. Uwimana alitoa bahasha, akaitandaza, iliyo nzuri juu.

"Mheshimiwa, mimi ndiye yule wa uwanjani. Uliahidi."

Nurudini alimtazama kwa makini, kuanzia kitenge mpaka visigino, kana kwamba mara zile sita hazikuwahi kuwapo. Kisha akamwona Mwanahawa nyuma yake, uso ukamnawiri.

"Dada Mwanahawa! Habari za Makere? Na huyu ni nani?"

Mwanahawa aliitazama ile bahasha. Aliutazama uso wa Uwimana, jinsi ulivyokuwa umejaa matumaini, uso ambao yeye pamoja na majibu yake yote arobaini hakuwahi kuwa nao. Akautaka.

"Ni mhusika wangu," alisema.

Nurudini alicheka kwa furaha, akainuka kumwona vizuri zaidi. Alisifu mabega. Alisifu magaga ya miguuni, akasema kazi ya namna hiyo haionekani hata Dar es Salaam. Akazikusanya karatasi zote, akazipanga vizuri ndani ya bahasha, akamrudishia Mwanahawa.

Walipanda gari la saa nane. Mwanahawa alikaa dirishani, Uwimana pembeni yake. Walipofika Makere jua lilikuwa bado liko juu, na maharage yalikuwa yanahitaji kupaliliwa. Uwimana alichukua jembe akaenda shambani, akaanzia upande wa kaburi, akiimba kwa Kirundi kama mama yake. Kila mtu alipopita njiani, alinyamaza.